Kijiko Ambacho Sikukipiga Msumari

Muthoni,

Sitakuuliza hali. Hali yako naijua: umekaa kwenye benchi ya saluni pale Kianjokoma, kichwa kimevutwa nyuma, unasukwa zile nywele ambazo Anti Lydia alisema lazima zisukwe kabla hujaingia nyumbani kwake Meru. Kwangu umeishi miaka tisa na hakuna siku ulihitaji kusukwa ndiyo uingie. Msusi atachukua muda, kwa hivyo nimekaa jikoni na daftari langu la Kemia la kidato cha tatu, lile lililobaki na kurasa nyingi kwa sababu Kemia sikuipenda. Nitaandika hadi nisikie viatu vyako kwenye changarawe.

Nimekasirika. Ni afadhali ulijue hilo mapema, usije ukafika katikati ukadhani hii ni barua ya baraka. Nimemkasirikia Anti, nimejikasirikia, na wewe pia nimekukasirikia, ingawa una miaka kumi na moja na mtu wa miaka kumi na moja hafai kukasirikiwa hivi. Kesho nitakubebea begi hadi steji na sitasema neno, kwa sababu unanijua. Yote nitakayonyamazia kesho yako hapa.

Jumapili baada ya chakula, mbele ya Anti na mbele ya mzee wa ukoo, uliniuliza: "Mami, ni kweli ulinibadilisha na birika?"

Nilikuwa na sahani mkononi. Nikaanza kuipangusa, na ilikuwa kavu. Ulingoja. Najua ulingoja kwa sababu ulikuwa umeshika ukingo wa meza kama unavyoshika ukiwa unangojea sindano. Nikapangusa sahani upande wa juu, nikaigeuza, nikapangusa upande wa chini.

"Umeona?" Anti akakuambia. "Hana hata la kusema. Kanajifanya kapole, kumbe ni kamjanja haka."

Na wewe ukasema, "Basi nitaenda na Anti."

Hiyo ndiyo sababu ya barua hii. Uliniuliza swali Jumapili na leo ni Ijumaa, na mimi ni mtu wa kujibu siku tano baadaye, tena kwa kalamu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiembu ndicho tulichopendania wewe na mimi, na leo sikitaki. Kiingereza nakiweza kwenye mtihani tu. Kiswahili ni cha shule na cha sokoni, mtu anaweza kugombana nacho vizuri.

Nianze na lile unalolijua, ili usiseme niliruka. Kwa damu mimi ni dada yako. Mama alipokufa ulikuwa na miaka miwili nami nilikuwa na kumi. Baba alienda kutafuta kazi, akaipata, akapata na familia nyingine hukohuko. Cucu, nyanya yetu, akatuchukua hapa Kibugu, lakini macho yake yalikuwa yameshaanza kuingia ukungu, hakuona hata jiwe ndani ya maharagwe. Aliyekufunga mgongoni ni mimi. Aliyekufua ni mimi. Ulikuwa na miaka mitatu siku uliponiita Mami kwa mara ya kwanza, sokoni, kwa sauti ya kuuza samaki. Mwanamke mmoja wa kabichi akacheka, "Kasichana kadogo hivi na kashapata mtoto?" Nilikuziba mdomo kwa mkono. Ukaanza kuninyonya kidole. Niliona aibu hadi masikio yakawaka, lakini tulipofika nyumbani sikukukataza kuniita hivyo. Hilo ndilo jambo la kwanza nililowahi kuamua maishani, na sikumwambia mtu.

Sasa birika.

Cucu akiwa msichana alimpikia mwalimu mmoja wa Kizungu wa misheni. Mzungu huyo alipoondoka alimpa Cucu birika moja na vijiko sita, vimefungwa kwenye taulo la jikoni. Birika uliiona Krismasi tu na siku mchungaji alipokuja. Ilikaa juu ya kabati imefunikwa kitambaa cha kudarizi, na sisi hatukuruhusiwa kuipumulia. Cucu aliisugua mwenyewe kwa majivu na limau, bila kuona, kwa vidole tu, mpaka ikawa inaonyesha dirisha lote. Kisha aliipindua na kunishika kidole akakipitisha chini yake, kwenye vile visanduku vinne vidogo vya herufi. "Unasikia? Huu ni muhuri. Wazungu hawapigi muhuri kitu cha bure. Hii ni fedha tupu." Na kila mtu wa ukoo wetu alijua hivyo. Anti Lydia aliijua birika ile tangu akiwa mtoto, na kila akija alianza kwa kuinua kitambaa kabla hajamsalimia mama yake.

Vijiko havikuwa na mtu wa kuvijali. Vilikuwa vyeusi kama vilivyotoka motoni. Tulivitumia kwa sukari, kwa kukwangua ukoko wa ugali, kwa kufungulia kopo la mafuta. Cucu aliviita vijiko vya kazi.

Na huku kwetu hakuna mwanamke anayetoa chombo kwenda kwa shughuli ya jirani bila alama. Unajua mwenyewe: Mama Ireri wa ng'ambo ya kijito hupaka vyombo vyake tone la rangi nyekundu ya kucha, mwingine hukata ukingo mara tatu kwa msumeno, sufuria za kanisa zina herufi za rangi nyeupe. Bila hivyo, baada ya mazishi mnagombania kikombe kuliko mali ya marehemu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu siku Cucu aliponiita. "Wawira, hivi vijiko vinaenda kwa Mama Ireri, wanapokea wageni wa mahari ya msichana wao. Weka alama yetu."

Nikachukua nyundo na msumari. Nyuma ya shina la kila kijiko niliona tayari kuna vikwaruzo vidogo vidogo vimepangana. Nilidhani ni kasoro. Halafu nikadhani labda ni alama ya mtu mwingine, na nikapata hasira: nani huyu ameandika kwenye kijiko chetu? Basi nikaweka W.N., jina la Cucu ambalo pia ndilo jina langu, palepale juu ya vikwaruzo, nukta kwa nukta, nikipiga kwa nguvu ili cha yule mwingine kisionekane. Nilipiga vitano. Nilikuwa najivunia jinsi nukta zilivyonyooka.

Cha sita ulikuwa unakulia uji. Ulikuwa na miaka mitano na meno ya panya.

"Lete," nikakuambia.

Ukasema, kijiko kikiwa mdomoni, "Ni changu."

Nikakivuta, ukaking'ata. Nikakuchapa paja, ukalia na bado hukukiachilia, uji unakutoka puani. Cucu akaita kutoka nje, "Wewe Wawira, mwache nacho. Vitano vinatosha." Nikakuacha. Nilikununia hadi jioni.

Halafu Cucu akafa, miaka miwili iliyopita, na hiyo siku ya mkutano wa ukoo unaikumbuka vibaya kwa sababu ulikuwa umelala kwenye mapaja yangu na masikio yako yalikuwa wazi nusu. Anti alisimama. Alisema, kwa utaratibu kama mtu anayesoma orodha ya sokoni: "Mimi nitachukua birika, na nitachukua huyu mdogo. Wawira atamaliza shule, halafu ataolewa. Shamba tutaongea baadaye."

Mzee wa ukoo akaniuliza kama nina la kusema. Aliuliza kwa heshima tu. Kila mtu alijua mimi sisemi. Ripoti yangu ya shule kila muhula iliandikwa neno lilelile, hazungumzi, na mwalimu mmoja aliongeza alama ya mshangao.

Nikasema, "Chukua birika. Muthoni abaki."

"Ati nini?" Anti akacheka.

"Birika ni yako. Lakini habari ya Muthoni usiiseme tena."

Sauti ilikuwa yangu lakini sikuitambua. Anti aliinua birika kutoka kwenye kabati, akaitoa kitambaa, akajitazama ndani yake. Ilikuwa muda mfupi sana, Muthoni. Muda wa kurekebisha kilemba. Kisha akasema, "Sawa," na nikaona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetua mzigo ambao hakuutaka tangu mwanzo. Sikumchukia kwa kukutaka. Namchukia kwa jinsi alivyoacha kukutaka haraka.

Mwaka mmoja baada ya hapo nilimaliza kidato cha nne, nikapata kazi kwa Mama Njoki wa skrapu, nyuma ya kinu cha posho pale Kianjokoma. Mwaka mmoja baadaye. Lishike hilo, nitalirudia. Umewahi kuja pale, ukamwogopa kwa sababu ya sauti yake. Ananunua sufuria zilizotoboka, rejeta, baiskeli zilizokufa. Lakini ana kopo moja la vitu vidogo, na ana kioo cha kukuzia cha marehemu mumewe aliyekuwa fundi saa, na mumewe huyo alimfundisha jambo moja ambalo alinifundisha mimi wiki ya kwanza.

Mtu alileta sinia inayong'aa. Nikasema ni nzuri.

"Mng'aro ni wa wageni," Mama Njoki akasema. "Geuza."

Nikageuza. Akanipa kioo. "Unaona simba?"

"Sioni simba."

"Basi hakuna fedha. Fedha ya Mwingereza ina simba anayetembea, ameinua mguu mmoja wa mbele kama mtu anayepanda ngazi. Kando yake kuna alama ya mji ilikopimwa: nanga, au kichwa cha chui, inategemea mji. Kisha herufi moja ya mwaka. Kisha fundi mwenyewe, herufi mbili za jina lake, ili ikipatikana na kosa ajulikane wa kukamatwa. Sasa hii soma."

"E. P. N. S."

"Kila herufi imewekwa kwenye kijumba chake, ili wewe ukiwa mbali udhani ni ukoo wa simba. Hiyo ni nikeli, imepakwa fedha juu kwa umeme. Si kitu kibaya, andalia chai. Lakini ukiiita fedha mbele yangu nitakufuta kazi. Na tazama hapa ukingoni, na hapa kwenye mkono. Mahali mtu anaposhika kila siku ndipo upako unapoanza kuisha. Ona rangi inayotoka chini."

E, P, N, S. Visanduku vinne. Nilikisikia kidole cha Cucu kikinipitishia kidole changu. Nikaanza kucheka hadi Mama Njoki akaniuliza kama nimepata wazimu. Nilikuwa namwona Anti Lydia kule Meru, kwenye nyumba yake ya vigae, birika ya nikeli ndani ya kabati la kioo, akiwaambia wageni ni fedha. Nilifurahi kwa ubaya. Niliilinda furaha hiyo kama mtu anayeficha sukari, naionja kila usiku kabla ya kulala. Sijivunii hilo, lakini nimekuambia nitasema yote.

Kisha siku moja nikavikumbuka vijiko.

Nilivileta kazini vile vitano, nimevifunga kwenye gazeti. Mama Njoki akaweka kioo jichoni. Akavigeuza kimoja baada ya kingine. Chini ya nukta zangu kulikuwa na kipande cha nanga. Kwenye kimoja kulikuwa na mguu wa nyuma wa simba, mguu peke yake.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi."

"Na nyundo?"

"Na msumari."

"Msichana," akasema, "umeua simba watano." Halafu, kwa sauti ya kawaida, "Fedha ni fedha, nitavinunua kwa uzani, viende vikayeyushwe. Lakini aliyevitengeneza umemfuta. Mnunuzi wa vitu vya kale hawezi kukuamini kwa mguu mmoja wa simba."

Niliviuza. Godoro unalolalia ni vijiko viwili. Viatu vya shule, sare, na ile taa ya sola unayosomea, hivyo ni vile vingine. Uliponiuliza vimeenda wapi, nikasema havikurudi kutoka kwa Mama Ireri, tulipomwazima kwa matanga ya mume wake. Nilisema hivyo kwa sababu lilikuwa jibu fupi. Mimi nikiogopa huchagua jibu fupi. Niliogopa ukoo ukisikia nimeuza vijiko vya Cucu utaitisha mkutano mwingine, na kwenye mkutano mwingine utawekwa mezani tena, na sikuwa na birika nyingine.

Sikujua utafanya ulichofanya. Ulienda hadi kituo cha kupimia majani chai, watu wote wakiwa kwenye foleni na vikapu, ukamwambia Mama Ireri, mwanamke ambaye Cucu alimwita dada, "Rudisha vijiko vya Cucu wetu."

Alikuja hapa jioni hiyo. Wewe ulikuwa umejificha chumbani kwa kujivuna, ukichungulia. Alikuja na beseni. Alimwaga vijiko vyake vyote hapa mlangoni, mbele ya miguu yangu, vingi, kelele yake naisikia bado.

"Tafuta chenu," akasema.

Sasa nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilichuchumaa nikatafuta. Nilijua havimo. Nilijua viko wapi. Lakini nilichuchumaa, nikaanza kugeuza kijiko kimoja kimoja, nikitazama nyuma yake kama Mama Njoki alivyonifundisha, kwa makini, na kila kimoja kilikuwa na tone jekundu la rangi ya kucha. Nilivigeuza vyote. Yeye amesimama ameshika beseni.

"Hakipo?"

"Hakipo."

Akainama akaviokota mwenyewe. Nilitaka kumsaidia, akasema, "Usiviguse." Tangu siku hiyo hajakanyaga hapa, na wewe ukimwona njiani unageuza uso, na unafanya hivyo kwa ajili yangu. Nimekulea kwa uongo wangu hadi umeutetea. Hilo ndilo kosa langu. Birika ni mchezo ukilinganisha na hilo.

Leo asubuhi nilienda kwake. Alikuwa anaanika maharagwe, hakunikaribisha kukaa. Nilisema yote nikiwa nimesimama, nikitazama maharagwe.

Akauliza, "Umekuja kwa sababu mtoto anaondoka?"

"Ndiyo, Mama Ireri."

"Angebaki, ungekuja?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nikasema, "Sijui."

"Hiyo angalau ni ya kweli." Akaendelea kutawanya maharagwe. "Na yeye umemwambia?"

"Nitamwandikia."

"Mwandikie basi. Nimechoka kuitwa mwizi na watu wawili. Na uende sasa, nina kazi."

Hakunisamehe, Muthoni. Usidhani nilienda nikapewa chai tukalia pamoja. Nilirudi na uso uleule niliokwenda nao. Kesho tukipita kwake usigeuze uso. Sikuambii umwombe msamaha, hilo utaamua. Ila usigeuze uso.

Turudi kwa Anti. Alitaka kuiuza ile birika, akaipeleka kwa mtu anayejua, mtu akamgeuzia akamwonyesha visanduku vinne. Ndiyo sababu alifika Jumapili na mfuko wa karatasi, akaitua birika mezani katikati ya chakula hadi mchuzi ukamwagika.

"Hii ni bati!"

"Lydia, ni birika tu," mzee wa ukoo akasema.

"Kalijua! Kanafanya kazi ya skrapu, kanapima vitu kwa kioo! Kalinipa bati kakabaki na mtoto, na sasa mtoto analala kwenye nyumba ya mbao hana hata maji ya moto. Makubaliano yameisha." Kisha akakugeukia wewe, akatoa simu, akakuonyesha picha ya kitanda. Kitanda kina shuka la waridi na taa yake pembeni. Nilikuona uso wako ulipokitazama. Usiniambie ulikasirika tu kwa sababu ya birika. Ulikipenda kile kitanda. Hata mimi nilikipenda. Na bado nimekukasirikia kwa kukipenda, na najua si haki, na hasira haijui kwamba mimi najua.

Unataka kujua kwa nini nilinyamaza ulipouliza? Nusu ni ile aibu yangu ya siku zote. Nusu nyingine ni mbaya zaidi. Aliponiita kamjanja, nilipenda. Nimeitwa mpole, bubu, mjinga, hata mchungaji aliwahi kuniombea nipate ulimi. Mjanja sijawahi. Kwa sekunde chache nikaona Anti Lydia ananiogopa, mtu mzima na mkoba wake, na nikataka aendelee kuniogopa. Ningefungua mdomo kujitetea, angeacha kuniogopa. Basi nikaivaa ile sifa, nikapangusa sahani. Ilinikaa vizuri. Bei yake ilikuwa wewe kusema "basi nitaenda".

Kuhusu maisha ya kule sina mengi. Atakuambia mwenyewe saa za kuoga na saa za kulala. Jambo moja tu, na hili si la dini, ni la skrapu. Wageni wakija, usimtazame Anti. Kila mtu anang'aa mbele ya wageni. Mtazame asubuhi, anavyompakulia msichana wa kazi, anavyomwita akiwa na haraka. Pale mkono unaposhika kila siku, tazama rangi gani inatoka. Na ukikuta chini ni nikeli, andika barua, nitakuja na miguu yangu. Ukikuta kuna simba... sitaki umkute. Lakini inawezekana yupo. Miaka miwili ilipita bila yeye kutuma hata salamu, halafu amekuja na hasira ya birika, lakini pia alikuja amekununulia koti la kipimo chako, na mtu anayechukia tu hajui kipimo cha mtoto. Hilo limenisumbua wiki nzima. Ningependa kumchukia bila koti.

Alituma ujumbe kila kitu chako kiandikwe jina, kwa sababu watoto wake wanagombania vitu. Nimeandika. Blanketi, kikombe, mswaki, soksi zote, hata upande wa ndani wa mkanda. Muthoni, Muthoni, Muthoni, hadi kalamu ikaanza kufifia.

Kitu kimoja sikukiandika. Kiko ndani ya kiatu chako cha kushoto, kimefungwa kwenye soksi. Ni kile kijiko. Ni cheusi, kiache hivyo, usikubali mtu akisugue kwa majivu. Ukiwa peke yako kigeuze. Utamwona simba mzima, miguu minne, mmoja juu. Utaona nanga, utaona herufi ya mwaka, utaona herufi mbili za mtu ambaye mimi na wewe hatutamjua kamwe. Kisha tazama mbele, kwenye ukingo wa kinywa cha kijiko. Kuna vibonde vinne vidogo. Fedha halisi ni laini, meno ya mtoto huiingia. Hivyo ni vyako. Ulikipiga alama kabla yangu, na ndiyo sababu kimepona.

Nasikia changarawe. Unatembea taratibu, nadhani kichwa kinauma kwa kusukwa.

Uliuliza kama nilikubadilisha na birika. Ndiyo, nilikubadilisha. Hesabu tena miaka niliyokuambia uishike. Siku ile ya mkutano sikuwa nimemjua Mama Njoki. Sikujua simba, wala nanga, wala herufi nne kwenye vijumba vyao. Nilijua alichosema Cucu, basi. Kitu pekee cha thamani ambacho nyumba hii iliwahi kuwa nacho kilikuwa juu ya kabati, na nikamwambia Anti Lydia akichukue.

Nilidhani ni fedha tupu.

Mami